Kiwanja Msata, kazi Posta: mnanunua nyumba au mnanunua umbali?

Mwezi huu naomba tuachane kidogo na habari za nani kamtumia nani meseji usiku, tuzungumzie jambo linalowakosesha usingizi wapendanao wengi kuliko hata wivu wenyewe. Jambo hilo ni nyumba.

Unajua inavyokuwa. Mmefika thelathini na kitu, wote mna kazi, mtoto mmoja yupo na wa pili yuko njiani. Mmechoka kumlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mpigo, na mmechoka kumpa dalali kodi ya mwezi mzima kila mnapohama. Mnakaa sebuleni mnapiga hesabu ya kununua palepale mnapopanga, iwe Mikocheni, Kijitonyama au Sinza. Mkimaliza kujumlisha hakuna anayesema neno. Ndipo mmoja wenu anapotoa simu na kusema, "Hebu ona hii ya Msata."

Kwa wasiopafahamu, Msata ni ile njia panda ya mkoa wa Pwani ambayo kila anayetoka Arusha, Moshi au Tanga lazima aipite. Ukishavuka Wami unafika Msata, na hapo dereva anachagua: anyooke mpaka Chalinze aingie Dar kwa barabara ya Morogoro, au akate kushoto apite Kiwangwa kwenye mananasi yake ashuke Bagamoyo. Hiyo ya kushoto ina kilomita 64, na ilikuwa ya vumbi mpaka ilipowekwa lami miaka ya 2010. Enzi za vumbi, kwa watu wa mjini Msata ilikuwa mahali pa kuchimba dawa na kuendelea na safari. Leo mtu mwenye laptopu begani anaitaja Msata kama mahali pa kulea watoto. Tujiulize basi, ilikuwaje tukafika huko?

Mjini pamepanda

Wengi wanaposhindwa kununua mjini hujiona wao ndio wazembe. Mume anahisi hajatimiza uanaume wake, mke anahisi wenzake wa chuo wamemuacha mbali. Taratibu jamani. Kabla hamjaanza kulaumiana, jueni mnashindana na nini.

Chukua Sinza. Miaka ya 1970 Serikali, kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kupeleka huduma za msingi Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Walengwa hasa walikuwa watu wa kipato kidogo, wapewe kiwanja, wajijengee wenyewe polepole. Leo hebu jaribu kumuuliza mwenye kiwanja chochote Mikocheni anauza bei gani, uone kama hutatafuta kiti ukae. Msasani nayo ilikuwa kijiji cha wavuvi. Kariakoo ilijaa zile nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba pembeni na uani nyuma, na sasa uani pamesimama ghorofa.

Mtaa unapanda kwa hatua zinazofanana karibu kila mahali. Inakuja lami, inafuata benki, inafuata supamaketi na shule ya Kiingereza. Mwenye nyumba anapandisha kodi, wapangaji wa zamani wanasogea mbele, na mwisho mwenye nyumba mwenyewe anauza au anaingia ubia na mwenye pesa ili pajengwe ghorofa. Ni mara chache sana waliokuwepo mwanzo wanarudi palepale. Mfano mmoja ni Magomeni Kota, ambako nyumba za zamani zilibomolewa, yakajengwa maghorofa ya Serikali yaliyozinduliwa mwaka 2022, na kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale ndizo zilizokusudiwa kurudi.

Sasa wewe na mwenzio hamkuwa Magomeni Kota, na wazazi wenu hawakupewa kiwanja Sinza. Inabaki benki. Tanzania ina mikopo ya nyumba, na tangu 2010 kuna taasisi maalumu, TMRC, inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo. Pia kuna sheria ya mwaka 2008 inayokuwezesha kupata hati ya sehemu ya jengo, yaani ghorofa yako moja tu bila kumiliki jengo zima. Tatizo ni riba, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkikopa shilingi milioni 80 kwa riba ya asilimia 16, mlipe kwa miaka 15, kila mwezi mtatoa kama shilingi milioni 1 na laki 1 na 75 elfu. Mpaka mnamaliza mtakuwa mmelipa zaidi ya milioni 211. Na hapo bado hamjanunua pazia. Ndiyo maana kijana wa mjini mwenye mshahara mzuri tu anaiacha benki na kukimbilia kiwanja cha kulipa kidogo kidogo.

Wimbi la barabara ya Bagamoyo

Kukimbilia huko hakukuanza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuja ule mradi wa viwanja 20,000, na watu wakapata maeneo kama Bunju, Mbweni na Mivumoni. Wenzao waliwacheka kwamba wamehamia porini. Barabara ikapanuliwa kuwa njia nne kutoka Mwenge mpaka Tegeta, na wacheka wakaanza kuuliza kama kuna kilichobaki. Wimbi likasonga Boko, Mapinga, Kerege, Kiromo.

Kisha ikaja bandari. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea Tanzania, ulitiwa saini mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo, mradi uliokuja kutajwa kuwa wa dola bilioni 10. Kuanzia hapo kila mwenye shamba Bagamoyo alikuwa na habari moja ya kumwambia mnunuzi: bandari inakuja. Mwaka 2019 Rais John Magufuli akatangaza hadharani kwamba masharti ya mradi ule hayakubaliki, ukasimama. Baada ya 2021 Serikali ikaanza tena kuuzungumzia. Katikati hapo kuna watu walionunua kwa bei ya meli ambazo hazijafika, na watoto wao wakakua wakisubiri.

Nakuambia haya kwa sababu ukifika Msata leo utasikia wimbo wa aina hiyohiyo. Hapa patakuwa mji, pale patapita kitu fulani, nunua sasa mwakani hupati. Huenda ni kweli. Ila bei ya tetesi inalipwa kwa fedha taslimu, na tetesi haina risiti.

Na kuna jambo jingine tusilifumbie macho. Mzee wa Kikwere anayekuuzia ekari Msata anauza alipokuwa akilima mihogo. Wewe umesukumwa na Mikocheni, na sasa ni zamu yako kusukuma. Sisemi usinunue. Nasema lipa bei ya haki, na usimcheke ukifika mjini kwamba umemuokota.

Baba Junior na Mama Junior

Tuwachukue wanandoa wa mfano, tuwaite Baba Junior na Mama Junior. Mume ni mhasibu Posta, mke yuko benki Mwenge, wanapanga Kijitonyama. Mazungumzo yao nina hakika wengi mtayatambua.

"Mama Junior, ekari nzima! Siyo kiwanja, ekari."

"Nimesikia, baba. Na mimi Mwenge saa mbili asubuhi nitafikaje?"

"Lami ipo mpaka mlangoni."

"Lami siyo gari, mume wangu. Na gari si ndiyo umesema tuuze tupate ya kujengea?"

"Lakini hata Bunju walianza hivyohivyo."

"Bunju wanapanda daladala wanashuka Mwenge. Mimi nitapanda basi la Arusha?"

Utamuona Baba Junior ana ndoto na Mama Junior ana ubishi. Siyo hivyo. Baba Junior anaangalia siku ya kukabidhiwa funguo, Mama Junior anaangalia Jumatatu. Wote wawili wanaongelea nyumba ileile, na wote wako sahihi. Ugomvi wao utaisha siku watakapoziweka siku hizo mbili kwenye karatasi moja.

Tuwasaidie. Kutoka Msata mpaka katikati ya Dar kwa njia ya Bagamoyo ni karibu kilomita 130. Hata ukipata bahati ya kutumia masaa mawili na nusu, bila foleni ya Tegeta, bila trafiki, bila tairi kupasuka, ni masaa matano kwenda na kurudi. Zidisha kwa siku 22 za kazi. Ni masaa 110 kwa mwezi, yaani siku nne na nusu, mchana na usiku, umekaa ndani ya gari. Hapo hatujagusa nauli wala mafuta.

Kiwanja cha mbali ni rahisi kwa sababu sehemu ya bei yake imehamishiwa kwenye mwili na muda wa anayeishi pale. Swali la wapendanao ni dogo sana: nani kati yenu atailipa hiyo sehemu?

Majibu yanayotolewa nyumbani huwa ni matatu. La kwanza, wote mnasafiri kila siku, na mtoto analelewa na dada wa kazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili usiku. La pili, mke anaacha kazi abaki na mtoto Msata, "afuge kuku kidogo", na mume anaendelea na mshahara wake mjini. Mara nyingi jibu hili linapita bila hata kupigiwa kura, kwa sababu tu mshahara wa mke ni mdogo kidogo au kwa sababu yeye ndiye mama. Kipato cha mtu mmoja kinakatika, michango yake ya mfuko wa jamii inasimama, na miaka mitano baadaye anaambiwa hajui hela inavyotafutwa.

La tatu ni lile la mume kupanga chumba mjini, arudi Msata wikiendi. Mwanzoni ni Jumamosi na Jumapili zote. Kisha kuna msiba, kuna kikao, kuna mvua. Mpenzi msomaji, Kiswahili chetu kina neno "nyumba ndogo", na sihitaji kukueleza maana yake. Chumba cha Jumatatu mpaka Ijumaa ndipo linapopata mahali pa kutundika shati. Siwatuhumu wanaume wote. Nasema tu kwamba ndoa iliyojengwa kwa kuonana kila siku haigeuzwi kuwa ya wikiendi kwa kuamuliwa na bei ya kiwanja.

Jina la nani kwenye hati?

Tuseme mmeafikiana, mnanunua. Hapa ndipo mapenzi yanapokutana na makaratasi.

Kila siku ukipita Dar unaona ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: "NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI." Wengine wanadhani ni kwa ajili ya vibaka wa mitaani tu. Nyuma ya maandishi yale mara nyingi kuna ndugu anayeuza bila wenzake, au mwenzi anayeuza bila mwenzie.

Sheria zetu zimeliona hilo zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzie. Sheria hiyohiyo inasema mali iliyo kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa yao kwa usawa. Umeona tofauti? Bila jina lako una kazi ya kuthibitisha. Ukiwa na jina, anayebisha ndiye mwenye kazi hiyo.

Na vipi yule aliyebaki nyumbani na kuku? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi ule unatajwa mahakamani mpaka leo. Lakini wanaoutaja mtaani husahau kipande cha pili: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo alioudai, kwa sababu Mahakama iliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe alizitumia vibaya. Maana yake ni nini kwako? Haki ipo, ila kuidai baada ya ndoa kuvunjika ni safari ndefu na huwezi kujua itaishia wapi. Kuandika majina mawili kwenye hati siku ya kununua ni kazi ya dakika tano.

Najua kuna mtu anasema, "Ukimwambia mwanaume habari za majina ataona humwamini." Dada yangu, mwanaume anayekuomba uache kazi uende Msata anakuomba umwamini kwa maisha yako yote. Hawezi kukosa dakika tano za kukuamini kwa kalamu. Na wewe kaka ambaye mke ndiye mwenye mshahara mkubwa, hesabu ni hiyohiyo. Kama mmoja wenu si raia wa Tanzania, hapo muoneni wakili kwanza, kwa sababu sheria haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji.

Unanunua nini hasa?

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba Tanzania huuziwi ardhi kwa maana ya kuimiliki milele. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachopata ni haki ya kuitumia, na hatimiliki ya mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99.

Msata iko wilaya ya Bagamoyo lakini inahudumiwa na Halmashauri ya Chalinze, kwa hiyo usijisumbue kwenda kuulizia hati yake ofisi za Bagamoyo mjini. Ukisogea ndani kutoka barabara kuu, unaweza kuonyeshwa eneo ambalo ni ardhi ya kijiji. Hiyo ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo ya 1999. Halmashauri ya Kijiji inaisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Kwa hiyo ile karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti na saini za mashahidi wawili, iliyoandikwa chini ya mwembe, haitoshi. Ulizia muhtasari wa kikao. Ulizia kama eneo limepimwa, kama ramani imeidhinishwa, na bikoni ziko wapi. Kisha nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya halmashauri, usimtume dalali.

Tazama na vipimo. Kijijini ekari ni hatua 70 kwa 70, lakini hatua za nani? Kijana mrefu wa muuzaji akipima akiwa ananunua na akipima akiwa anauza ni watu wawili tofauti. Ekari kamili ni kama mita za mraba 4,047. Lipia kilichopimwa na mpima ardhi.

Na barabara ile ile iliyokuvutia inaweza kukuumiza. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Zilikuwemo nyumba zenye umeme na maji, na watu waliokaa pale miaka mingi. Kuunganishiwa umeme si uthibitisho kwamba upo mahali halali. Ukipenda kiwanja cha mbele kabisa ili ufungue fremu za biashara, muulize TANROADS hifadhi inaishia wapi kabla hujamuuliza fundi bei ya tofali.

Maswali saba kabla ya kutoa kishika uchumba

Zimeni simu, televisheni ikae kimya, mjibu kila mmoja kwa karatasi yake. Kisha mbadilishane.

1. Tunanunua ili tuhamie, au ili tuweke akiba? Kama ni kuhamia, mwaka gani?
2. Mtoto atasoma wapi, na nani atampeleka siku ya mvua?
3. Nani kati yetu atabadilisha kazi, na atafidiwaje?
4. Maji yanatoka wapi leo, siyo mwakani?
5. Usiku wa manane mtu akiugua, tunakwenda hospitali gani na kwa usafiri gani?
6. Majina ya nani yatakuwa kwenye mkataba, kwenye risiti za malipo na kwenye hati?
7. Mmoja wetu akipoteza kazi katikati ya malipo, mkataba unasemaje kuhusu fedha tulizokwisha kulipa?

Swali la saba ndilo linaloliza watu wengi. Mikataba ya kulipa kidogo kidogo mara nyingi ina mstari unaosema ukichelewa miezi kadhaa kiwanja kinarudi kwa muuzaji, na fedha yako inakatwa sehemu. Soma mstari huo kwa sauti, mbele ya mwenzio, kabla ya kusaini.

Msimamo wangu

Mtaniuliza, sasa wewe mhariri unasema tununue Msata au tusinunue? Nasema hivi. Kama mnafanya kazi Msata, Lugoba, Chalinze au Bagamoyo, au kazi yenu inafanyika popote penye intaneti, nendeni mkajenge na Mungu awabariki. Kama mmeajiriwa mjini na mna mtoto wa miaka minne, nunueni Msata kama akiba mkiweza, mpande minazi na maembe, lakini endeleeni kupanga mjini bila aibu. Kupanga Kijitonyama na kurudi nyumbani saa kumi na mbili jioni mkala pamoja siyo kushindwa maisha, hata shemeji aseme nini kwenye kikao cha ukoo. Na kama mnataka lazima muwe na chenu, tafuteni kidogo zaidi lakini karibu zaidi: vyumba viwili Mapinga ambavyo mtalala wote ndani yake vina faida kuliko ekari ambayo mmoja wenu ataifahamu kwa picha.

Ninachokataa ni ile haraka ya kusema "nimenunua" ili kuwaziba watu midomo. Msifike mahali ambapo mume anamuonyesha mkewe risiti ya kiwanja kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na mke anaisoma akiwa anafikiria namna ya kuaga kazini. Ile risiti ilitakiwa kuwa na saini yake.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla ya kumpigia dalali, fanyeni jaribio moja. Amkeni Msata. Ndiyo, laleni gesti Jumapili, muamke Jumatatu saa kumi alfajiri, kila mmoja aende kazini kwake kwa usafiri atakaoutumia kila siku, kisha mrudi tena jioni. Usiku huo, kabla ya kulala, kila mmoja amwambie mwenzie amechoka kiasi gani. Mtakachoambiana hapo ndiyo bei halisi ya kiwanja.

Tuonane mwezi ujao. Pendaneni, na msaini wote wawili.